Fundi Aliyeuliza Tunakula Nini

Fundi wetu wa rangi hakuwahi kumuuliza mtu anapenda rangi gani. Alikuwa akiingia jikoni, anavua kofia, analitazama kabati kama daktari anayemtazama mgonjwa anayeficha kitu, halafu anauliza: "Hapa mnakula nini?"

Mara ya kwanza aliponiuliza hivyo nilidhani ana njaa. Sidhani kama nilikosea sana, maana ilikuwa saa saba mchana na mke wangu, Mama Ester, alikuwa anakaanga sato. Nikamkaribisha mezani. Akakaa, akala, mpaka mgongo wa samaki ukabaki kama kitana. Akanawa mikono, akajifuta, akauliza tena swali lile lile.

"Fundi, si umekula sasa hivi?"

"Nimekula cha leo, Baba Ester. Nauliza siku nyingine."

Mimi nauza viatu vya mtumba Buzuruga, jirani na stendi, na kazi hiyo imenizoesha kuhesabu kila kitu mara mbili: kwanza vya kushoto, kisha vya kulia. Kwa hiyo nasema bila wasiwasi kwamba katika miaka kumi na moja niliyomfahamu yule mzee, amekula kwangu mara thelathini na nne, na zote aliziita uchunguzi.

Kwa mujibu wake, dunia ina kaya za aina tatu. Kuna kaya za kukaanga, kaya za kuchemsha, na kaya za kununua. Wa kukaanga wanapakiwa rangi ya mafuta yenye glosi kali, kwa sababu mafuta ya samaki yanaruka, yanaganda, na kwenye glosi unayafuta kwa kitambaa na sabuni, basi. Wa kuchemsha wanaweza kupakiwa ile isiyong'aa sana, inayopendeza macho na isiyoonyesha kila alama ya mkono. Wa kununua, wale ambao kila jioni wanaingia na mfuko wa chipsi, aliwaambia wapake wanayotaka, hata chokaa, kwa sababu kabati lao halina kazi.

Rangi ya maji hakuitaka karibu na kabati la mtu yeyote. "Rangi ya maji ni ya dari," alisema, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kimepitia Kisukuma kwanza, ilitoka *langi*, na hakuna aliyecheka kwa sababu alikuwa ameshika mkwanguo, kile chuma cha kubandulia rangi ya zamani. "Dari haishikwi. Nani anashika dari? Kabati linashikwa na mama mwenye mafuta, linashikwa na mtoto mwenye uji, linashikwa na wewe unayetafuta chumvi gizani umeme ukikatika. Ukuta ni wa kuangaliwa. Kabati ni la kushikwa."

Hakuishia kwenye maneno. Alikuwa na boksi la biskuti lenye vipande sita vya plaiwudi, kila kimoja kimepakwa rangi ya aina yake, na kabla ya kazi alivipanga karibu na jiko lako, akaviacha hapo siku saba. Vipate mvuke, vipate moshi, virukiwe mafuta. Siku ya nane anakuja na stilwaya na sabuni ya kipande, anavisugua kimoja kimoja, na kile kinachobaki na uso wake ndicho kinachopewa kazi. Njia nzuri kabisa. Ugumu wake ulikuwa mmoja: katika zile siku saba alipita kila mchana kuangalia vipande vinaendeleaje, na mchana ni mchana.

Mama Ester alimpenda kwa hilo. Mimi nilimpenda kwa lingine, ambalo ni kwamba alinishinda. Nimepatana bei na watu wa kila aina. Nimewahi kumuuzia mtu kiatu cha kulia leo na cha kushoto kesho yake, na kila siku akaondoka akicheka. Lakini yule mzee ukimtajia bei ndogo hakubishana. Alinyamaza. Alikaa kimya anakutazama, bila hasira, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Unaanza kujisikia vibaya. Unapandisha kidogo. Bado kimya. Unapandisha tena, unajisikia unabishana na wewe mwenyewe, na unashindwa. Mara mbili nilijaribu kunyamaza na mimi. Mara ya kwanza tulikaa hivyo mpaka mke wangu akaja kuuliza kama kuna msiba.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alipaka rangi akiwa amevaa shati jeupe, na nyumba nzima ikiisha hukuona tone. Alikuwa na maneno mengi juu ya kabati la kila mtu, lakini kwake, juu ya mawe kule Pasiansi, hapakuwa na kabati hata moja. Nilifika siku moja kumfuata nikakuta mkewe anapikia kibandani nje, vyombo vimepangwa juu ya kichanja cha miti, vinang'aa kwa jua.

"Fundi," nikamwambia, "wewe mwenyewe huna kabati?"

"La nini?"

"La vyombo."

Akakitazama kichanja, akanitazama mimi. "Hiki umewahi kuona kimebanduka?"

Nikachukua begi lake, tukashuka.

Kitu kimoja lakini hakukifanyia mzaha, nacho ni jina lake katika kazi. Mzee hakuwa na duka, hakuwa na kadi, hakuwa na bango. Kazi ilimfuata kwa midomo ya akina mama: fulani ameona jiko la fulani, akauliza nani amepaka. Basi. Ndiyo maana kasoro ikitokea hakulala.

Jirani yangu, dereva mstaafu, aliwahi kumwita apake kabati lao. Fundi akauliza swali lake. Mke wa dereva akajibu kwa heshima kuwa wao ni wa kuchemsha tu, mzee wake ana presha, daktari amekataza mafuta. Fundi akapanda kwenye kigoda, akapitisha kidole juu ya kabati, pale ambapo hakuna anayefagia, akakishusha mbele ya macho ya mama.

"Mama, hapa panakaangwa."

"Haiwezekani, fundi."

"Mama, mimi sina ugomvi na mtu. Ila hapa panakaangwa, na panakaangwa mayai."

Dereva mstaafu akasema anakwenda kuangalia gari, na gari alishaliuza zamani. Fundi akaandika kwenye orodha yake: glosi. Akamwambia yule mama taratibu, "Hataacha huyu. Tumpakie anayoweza kufuta."

Ni humo humo jikoni yalimomkuta mambo ya wadudu. Alimaliza mkono wa mwisho wa glosi, yaani safu ya mwisho, jioni, akafungua madirisha hewa ipite. Akasahau kutazama ziwa, lililo chini tu ya mtaa wetu. Wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa tairi wakaja na upepo, wakaingia kwa maelfu, wakakuta rangi mbichi inayong'aa, wakashukuru, wakakaa. Asubuhi kabati lilikuwa kama mkate wa ufuta. Dereva mstaafu alilipenda. Alisema lina mvuto, watu wa Dar wanalipia vitu kama hivyo. Fundi hakutaka kusikia. Alisugua milango yote kwa msasa siku mbili, akapaka upya, hakudai kitu, na tangu siku hiyo hakushika brashi kabla ya kupanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba na kulitazama ziwa lote, kushoto na kulia, kama askari.

Nayaeleza haya ili ieleweke nilimfanyia nini.

Kabati letu lilikuwa la zamani, la vanishi iliyopauka, milango kumi na minne. Mama Ester alitaka rangi ya maziwa. Mimi nilitaka kahawia, inayoficha uchafu; nikaambiwa uchafu haufichwi, unafutwa, na fundi akaitikia kwa kichwa huku anatafuna. Siku saba za plaiwudi zikapita. Akasugua vanishi yote kwa msasa, akaniandikia orodha kwenye kipande cha boksi: andakoti ya mafuta lita mbili, ile nyeupe ya kutangulia ili glosi ishike, glosi lita tatu, tina ya kulainishia, msasa.

Nikaenda duka la rangi mjini. Nikapiga hesabu yangu mbele ya muuzaji. Milango kumi na minne, pande mbili, ishirini na nane. Nikahesabu tena, ishirini na nane. Nikaona lita mbili za andakoti ni nyingi. Hicho ni kitu kitakachofunikwa, nani atakiona? Nikanunua lita moja. Nikatoka dukani nimenyooka.

Siku ile ile fundi akapata taarifa ya msiba kwao Misungwi. Akaja na begi begani, ana haraka.

"Baba Ester, nakwenda kuzika. Siku tatu. Usiniharibie muda, paka andakoti wewe, mkono mmoja tu. Brashi hii hapa. Glosi usiiguse."

"Kupaka rangi nyeupe nako kuna ufundi?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimekupa wewe."

Nikapaka. Andakoti ikaisha imebaki milango miwili, ile ya chini ya sinki. Duka liko mjini. Jua ni kali. Na chini ya kitanda changu, tangu nyumba ilipokamilika, kulikuwa na ndoo yenye masalio ya rangi ya maji tuliyopakia dari. Nyeupe. Nikaifungua, nikakoroga na kijiti, nikaweka tone lake karibu na tone la andakoti. Nikatazama mara mbili. Nyeupe na nyeupe.

Mnajua nilichofanya.

Fundi aliporudi alikuwa na mafua ya vumbi la Misungwi, pua imeziba. Kwa kawaida angenusa tu. Akaizunguka milango yote, akauliza, "Umepaka andakoti yote hii?"

"Yote."

Aliniamini. Alihesabu mara moja, na hilo ndilo kosa pekee ninaloweza kumsingizia. Akapaka glosi mikono miwili, kabati likawa kama birika la maziwa, na Mama Ester akawa anawapitisha wageni jikoni kabla hawajakaa sebuleni.

Miezi minane baadaye Mama Ester aliniita. Alikuwa amechuchumaa mbele ya sinki. Akagusa mlango kwa ukucha, na rangi ikainuka yote kwa pamoja, nzima, kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemshwa. Akavuta. Ikaja kipande kikubwa kama kitambaa cha meza.

"Unaona kazi ya fundi wako?"

Hapo ndipo mtu anatakiwa kusema. Nilifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa: "Mafundi wa siku hizi, mama."

Maneno matano. Nimeyahesabu mara nyingi zaidi ya mbili.

Sisi tuna jumuiya ya kanisani, kaya kumi na mbili tunaosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, na jumuiya ikishasali, akina mama wanaongea. Mama Mwenyekiti wetu alikuwa anajenga jiko kubwa, kabati ukuta mpaka ukuta, na fundi alikuwa ameshaanza kula kwake. Mama Ester, kwa nia njema kabisa, alimwonyesha ile milango miwili. Vipande vya plaiwudi vikarudishwa kwenye boksi la biskuti siku ya tatu. Wiki iliyofuata kaya nyingine ikaghairi. Kisha nyingine. Jiko la tatu hilo, na zote kwa sababu ya ndoo ya chini ya kitanda changu.

Mwaka mzima nilimkwepa. Nilikuwa nikimwona kwa mbali na shati lake jeupe, nageuza njia, napanda kwenye mawe kama mbuzi. Naye ananiita kwa sauti ya furaha, "Baba Ester! Hamjambo huko?" Nami namjibu kutoka juu ya jiwe, "Shikamoo fundi, nina haraka!" Niko juu ya jiwe, haraka ya kwenda wapi?

Jumatano moja mwezi uliopita nilikuwa nyumbani na miguu juu ya kiti, nikasikia hodi. Mama Ester akafungua. Ilikuwa ni yeye, na begi lake.

"Shikamoo, fundi," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Mama, nimesikia kuna kabati langu limebanduka hapa. Nimechelewa kusikia, watu hawapendi kumwambia mtu. Nimekuja kuliona."

Hakuuliza tunakula nini. Nilijua mambo ni mazito.

Akapiga magoti mbele ya sinki, polepole, maana magoti yake si ya zamani. Akatoa kitambaa, akakilowesha bombani, akasugua pale palipobanduka. Maji ya bomba tu. Rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Kilichotoka kilikuwa cheupe, laini, kama uji mwepesi. Akakitazama kile kitambaa muda mrefu. Sasa pua yake ilikuwa nzima, akanusa. Kisha akakikunja, cheupe ndani, akakitia mfukoni kabla mke wangu hajakiona.

"Umeona, fundi?" Mama Ester akasema. Alikuwa na huruma, hakuwa na ubaya. "Mwaka hata haujaisha, likaanza."

"Nimeona, mama." Akainuka kwa kushika kabati. "Hii milango miwili nitairudia. Bure. Ikibanduka rangi, ni kosa la fundi."

Akanitazama. Akanyamaza.

Hebu nielezeni kama mliwahi kupewa bei kama ile. Milango yangu inatengenezwa upya. Sitoi kitu. Jina langu safi mbele ya mke wangu, na fundi mwenyewe amekubali kubeba kosa. Nahitaji kusema neno moja tu: haya. Katika miaka yangu yote ya biashara sijawahi kuletewa kitu cha bure kiasi hicho mpaka mlangoni.

Akaendelea kunitazama, bila hasira. Maji yanachemka. Nikajisikia napanda. Nikapanda kidogo. Nikapanda tena.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?" Mama Ester akauliza.

"Milango hii miwili. Sikupaka andakoti. Nilipaka ile ya dari."

"Ya dari ipi?"

"Iliyokuwa chini ya kitanda."

Mama Ester akakaa kwenye kigoda. Nilisubiri anipigie kelele, na ingekuwa nafuu. Alimgeukia mzee. "Baba, mimi nimekusema. Mwaka mzima. Mbele ya watu nimekusema."

"Uliyoyaona ndiyo uliyosema, mama."

"Nimekukosesha kazi."

"Kazi zipo," alisema, lakini alisema huku anaifunga kamba ya begi ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Mke wangu akafikiri kidogo, kisha akanigeukia mimi. "Jumamosi jumuiya inasali hapa. Kuna kipindi cha matangazo."

"Mama Ester, tunaweza kuzungumza na Mama Mwenyekiti pembeni, sisi watatu, taratibu..."

"Nilimsema pembeni? Matangazo."

Alhamisi na Ijumaa nilisugua milango miwili mpaka mbao ikaonekana. Fundi alikaa kwenye kigoda, anakunywa chai, ananionyesha nilipoacha. Ijumaa jioni akapaka andakoti yeye mwenyewe. Jumamosi asubuhi alipanda juu ya jiwe, akalitazama ziwa, akashuka, akaanza glosi huku sisi tukisali sebuleni.

Sala ikaisha. Mama Mwenyekiti akauliza kama kuna tangazo. Nikasimama.

"Wapendwa," nikasema, "kuhusu lile kabati letu, kulikuwa na changamoto ya vifaa."

"Vifaa gani?" Mama Ester akauliza, macho kwenye kitabu chake cha nyimbo.

"Andakoti haikutosha."

"Haikutosha, au hukununua?"

"Nilinunua nusu."

"Na ile nusu nyingine?"

Nilikuwa nauza kosa langu kwa bei ya kutupa, na yeye anapandisha, anapandisha, mpaka nikasema yote: lita moja, ndoo, kitanda, kijiti, hata lile neno la mafundi wa siku hizi. Kisha dereva mstaafu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akaanza kucheka, akacheka mpaka mkewe akamkumbusha presha, na wote wakafuata.

Mama Mwenyekiti hakucheka. Aliinuka, akaenda jikoni, na akina mama wote nyuma yake, na mimi nikafuata kwa kuwa nyumba ni yangu. Fundi alikuwa anavuta brashi ya mwisho kwenye ukingo wa mlango wa pili. Alikuwa amesikia kila kitu; kati ya sebule na jiko kuna pazia tu. Hakugeuka mpaka akamaliza ukingo.

"Mbichi hiyo, akina mama," akasema. "Mikono nyuma."

Wote wakaweka mikono nyuma.

"Fundi," Mama Mwenyekiti akasema, "sisi tulikufikiria vibaya. Jiko langu bado lina mbao tupu. Jumatatu unaweza?"

Mzee akaifuta brashi, upande huu, kisha upande ule. Shati lake halikuwa na tone.

"Naweza, mama," akasema. "Ila rangi nitakwenda kununua mwenyewe."

Alisema hivyo bila kunitazama. Wengine wote walinitazama.